Betri ya Saa ya Mwalimu Valentino

Kompyuta ya Mwalimu Valentino Ngollo ilikuwa na tabia moja ambayo kila aliyewahi kukaa sebuleni kwake aliijua. Ukiiwasha, kabla haijakuonyesha kitu chochote cha maana, ilikuandikia kwenye skrini nyeusi kwamba saa na tarehe hazijawekwa, kisha ikakuomba ubonyeze F1 uendelee. Mwalimu alibonyeza bila kusoma, kama mtu anayechovya kidole kwenye maji ya baraka mlangoni mwa kanisa huku macho yake yakitafuta pa kukaa. Mashine ikafunguka, na pale chini pembeni ikamwambia kwamba leo ni tarehe mosi Januari, mwaka 2007. Kesho yake ingemwambia hivyohivyo. Nchi ilikuwa imeshachagua marais, watoto waliobatizwa mwaka ule walikuwa na ndevu, lakini kwa mashine ile Mwaka Mpya ulikuwa haujaisha.

Kosa lake lilikuwa dogo. Ndani ya kompyuta kuna kibetri cha mviringo, bapa kama sarafu, ambacho kazi yake ni kukumbuka saa wakati mashine imezimwa. Kibetri hicho kilikuwa kimekufa zamani. Betri kubwa nayo ilikuwa imekufa, kwa hiyo mashine iliishi kwa umeme wa ukutani tu, na ukichomoa waya ilisahau kila kitu kuhusu siku. Mkewe, Mektilda, alimwambia mara nyingi anunue hicho kibetri. Mwalimu akamjibu kwamba yeye anatunga nyimbo, hatangazi taarifa ya habari, na kwamba siku ya Jumapili anaijua kwa kengele. Alilisema kwa maringo kidogo, nalo likawa jibu lake la kudumu.

Mwalimu hakuwa mtu wa maringo katika mambo mengine. Alizaliwa Usinge, kwa baba mrina asali. Babu yake alikuwa mpagazi, mmoja wa wale Wanyamwezi waliobeba pembe mabegani kutoka huku hadi pwani na kurudi na vitambaa vya watu wengine, na jina lake halijaandikwa mahali popote. Valentino mwenyewe alichukuliwa akiwa mdogo na Padre Bernardo, mzungu mzee aliyempeleka shule, akamfundisha kinanda na kusoma nota, na akamwachia sheria moja iliyomkaa rohoni kuliko katekisimu. Sheria hiyo ilisema wimbo wa kanisa haubandikwi jina. Aliyeutunga anajulikana na Mungu, na hiyo inatosha. Kubandika jina ni kumwibia Mungu sifa.

Siku hizi hakuna mtunzi anayefikiri hivyo. Fungua karatasi yoyote ya kwaya uone: jina la mtunzi, namba yake ya simu, parokia yake, bado kidogo aweke na picha ya harusi. Mwalimu Valentino alicheka alipoziona karatasi hizo. Yeye alitunga nyimbo za Noeli, za Pasaka, za ndoa na za maziko, akaziandika mwanzo kwa mkono, baadaye kwenye ile kompyuta aliyoipata ikiwa tayari imetumika. Juu ya kila wimbo aliandika kichwa chake, na chini yake hakuandika kitu. Kwaya ya kigango chao, nje ya mji upande wa Ntalikwa, ilizijua kuwa ni za mwalimu. Kwingine zilisafiri bila mwenyewe, na yeye hakuona ubaya.

Mektilda alikuwa sauti ya pili. Wengine huimba sauti ya pili kama watu waliokosa nafasi kwenye ya kwanza. Yeye aliiimba kama mwenye nyumba. Walilima karanga, na jioni, akiwa anabangua, aliguna kwa midomo iliyofumba wimbo wa kinamama wa Usinge ambao haukuwa na maneno mengi, na mwalimu alikaa mlangoni akimsikiliza kwa miaka bila kufikiri kwamba kuna siku hatausikia. Kisha Mektilda aliugua. Alipolala kitandani hakuacha kuuguna, na hapo mwalimu akaanza kuandika. Aliuchukua ule mguno akaujengea wimbo mzima wa sauti nne, akauita "Mlango Usio na Komeo". Akaweka kinanda chake kidogo karibu na kitanda, akampigia, na mgonjwa akaimba sehemu yake kwa sauti iliyobaki.

Kuna mahali karibu na mwisho ambapo mwalimu alikuwa ameishusha sauti ya pili ili ikutane na nyingine. Mektilda alipofika pale alinyamaza.

"Usiishushe hapo, baba," alisema. "Iache ikae juu peke yake kidogo. Halafu ndiyo ishuke."

Akaiacha ikae juu. Kinadharia haikuwa sawa sana, nota mbili zilikuwa zikisuguana, lakini Mektilda alipoimba tena mwalimu aliona kwamba wimbo wote ulikuwa ukisubiri pale. Baada ya wiki chache alimzika mkewe kwa nyimbo nyingine. Ule hakuweza kuufungua.

Ulipokaribia mwaka wa kumbukumbu yake, mwalimu alipiga moyo konde. Alitaka uimbwe kwenye misa ya kumwombea, kisha ubaki ukiimbwa, ili Mektilda awe na mahali hapa duniani zaidi ya kaburi. Hilo tu ndilo alilolitaka. Nyumbani hakuwa na mashine ya kuchapa, kwa hiyo alimwita Erasmus Lugembe.

Erasmus alikuwa mwanafunzi wake tangu miguu haijafika kwenye pedali za kinanda. Mwalimu alimshika vidole kimoja kimoja. Sasa alikuwa mwalimu wa kwaya kubwa ya parokia mjini, kijana nadhifu, mwepesi wa shikamoo, mwenye kompyuta mpya na simu isiyotulia. Alikuja na flashi, akabonyeza F1 mwenyewe kwa sababu nyumba ile aliijua, akaufungua wimbo na kuusikiliza mpaka mwisho. Akasema ni mzuri, akaunakili, akaahidi kuleta karatasi kabla ya Jumapili. Karatasi hazikuja. Mara mashine ya kuchapa imeharibika, mara wino umekwisha, mara amesafiri Nzega kwenye semina. Misa ya Mektilda ikasomwa kwa nyimbo za kila siku, na mwalimu hakumlaumu kijana. Alisema mambo ya mashine anayajua.

Miezi ikapita, na parokia ikaanza kujiandaa kwa jubilei. Mpiga kinanda wa mjini alikuwa amehamishwa, hivyo mwalimu akaombwa asaidie. Alikwenda kwenye mazoezi kwa baiskeli, akaketi, akapewa karatasi kama wapigaji wengine. Wimbo wa jubilei, akaambiwa, ndio huu mpya wa Mwalimu Erasmus. Juu paliandikwa "Mlango Usio na Komeo". Chini ya hapo, kwa herufi za kukoza: Mtunzi, Erasmus M. Lugembe. Namba ya simu ilikuwepo.

Alipiga. Hakujua afanye nini kingine, vidole vilikuwa vimeshazoea kutii. Walipofika karibu na mwisho, sauti ya pili ya akina mama wa mjini ikabaki juu peke yake, kidogo, halafu ikashuka. Alipomtazama Erasmus, Erasmus alikuwa akitazama karatasi yake.

Hasira ya mtu mpole ni kitu kibaya, kwa sababu hana mazoezi nayo. Mwalimu hakulala vizuri, hakula vizuri, na alipokwenda kwa Mama Eustadia, mwenyekiti wa kwaya zote za parokia, aliyaeleza mambo yake nyuma mbele. Mama Eustadia alikuwa mwanamke wa haki, mkunga mstaafu, asiyependa maneno ya pembeni. Alisema hataki ugomvi wa nyimbo mbele ya Askofu, lakini pia hataki wizi kwenye nyumba ya Mungu. Akawaita wote wawili baada ya misa, kila mmoja aje na kompyuta yake, mbele ya viongozi wa kwaya.

Erasmus alitangulia. Alisema wimbo ulimjia akiwa kwenye basi la kwenda Nzega. Faili lake lilikuwa na tarehe safi, ya mwaka jana, mwezi wa semina. Kisha mwalimu akachomeka waya wake ukutani, akawasha, akabonyeza F1 mbele ya watu wote, na akafungua mahali anapotunza nyimbo. Mama Eustadia akavaa miwani akasogea. Wimbo wa mlango ulitungwa tarehe mosi Januari 2007. Wa Noeli, tarehe mosi Januari 2007. Wa Pasaka, wa ndoa, wa maziko ya katekista aliyefariki juzijuzi, zote tarehe mosi Januari 2007, kana kwamba mwalimu alizimaliza nyimbo zote za maisha yake siku moja ya sikukuu kisha akapumzika. Kiongozi mmoja alicheka, akajifanya anakohoa.

Mwalimu alijaribu kueleza. Alisema habari za kibetri, habari za Mektilda kitandani, habari za sauti kubaki juu. Nani alikuwepo, wakamuuliza. Alikuwepo Mektilda. Nani mwingine? Hakuna. Na jina lako kwenye karatasi liko wapi? Akaanza kuwaeleza sheria ya Padre Bernardo, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyojisikia akifanana na mwongo.

Erasmus hakumkejeli hata kidogo. Laiti angemkejeli. Alisimama kwa adabu, mikono nyuma.

"Mama mwenyekiti, mwalimu ndiye aliyenifundisha kila kitu," alisema. "Nikitunga, inatoka kwake. Labda ndiyo maana anausikia kama wake. Mimi naona tusimhukumu kwa mashine mbovu. Atengeneze saa, aje tena, tuangalie vizuri."

Viongozi wakaitikia kwamba huo ni uungwana. Mama Eustadia alimgeukia mwalimu akamwambia hivyohivyo: akatengeneze saa ya kompyuta, kisha Jumapili ijayo airudishe. Mwalimu alishukuru. Alimshukuru hata Erasmus, akampa mkono. Ndivyo alivyopakwa mafuta kwa mgongo wa chupa, mchana kweupe, akasema asante.

Gongoni, kule mjini, kuna kibanda cha fundi anayeitwa Yahaya, anayetengeneza simu mbele na kompyuta nyuma. Mwalimu aliifikisha mashine yake ikiwa imefungwa kwenye kanga ya Mektilda. Yahaya aliigeuza, akalegeza skrubu za chini, akainua kibodi taratibu kwa ncha ya bisibisi, na chini yake, kwenye vumbi la miaka yote ile, kikaonekana kibetri kimevishwa plastiki ya njano, na nyaya mbili nyembamba, nyekundu na nyeusi. Akakichomoa. Kilikuwa kimeota kutu nyeupe pembeni. Akatafuta kingine cha ukubwa uleule, akahamishia nyaya, akakifunga kwa tepu, akakichomeka na kukibana mahali pake. Kazi yenyewe ilikwisha kabla mwalimu hajamaliza kikombe cha kahawa alichonunua kwa mchuuzi wa barabarani. Alikaa akikitazama kile kikongwe mezani, akajiuliza kama kweli ni kitu hiki tu.

Yahaya alimwekea tarehe na saa, akaichomoa kwenye umeme, akasubiri, akawasha tena. Haikuuliza F1. Tarehe ilikuwa ya leo.

"Kuanzia leo haitasahau, mzee wangu," fundi alisema.

Mwalimu alisikia kwamba haitasahau. Hilo la kuanzia leo lilipita. Kichwani mwake mambo yalikuwa wazi: saa ilikuwa mgonjwa, sasa imepona, na mgonjwa akipona husema alichokuwa anakijua. Alidhani zile tarehe za kweli zilikuwa mahali fulani mle ndani, zimezibwa kama sikio lenye nta, na sasa zitafunguka. Hakuuliza. Mtu aliyezoea kuulizwa na wengine huona tabu kuuliza.

Nyumbani aliwasha mashine akiwa na furaha ambayo hakuwa nayo tangu msiba. Kabla hajaangalia tarehe yoyote, alifanya jambo aliloliwaza njia nzima. Aliufungua wimbo wa mlango, akaenda juu, chini ya kichwa, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akavunja sheria ya Padre Bernardo. Aliandika: Mtunzi, Valentino Ngollo. Alitazama, akaona bado, akaongeza: na Mektilda, mkewe. Akahifadhi, akazima, akaifunga tena kwenye kanga, akasubiri Jumapili kama mtoto anayesubiri nguo mpya.

Jumapili waliketi palepale. Mwalimu aliwasha, mashine ikafunguka moja kwa moja bila maswali, na aliwatazama viongozi kwa fahari. Akafungua mahali pa nyimbo. Mama Eustadia akavaa miwani. Wimbo wa Noeli, tarehe mosi Januari 2007. Wa Pasaka, tarehe mosi Januari 2007. Wa katekista, hivyohivyo. Ni mmoja tu uliokuwa umebadilika. Wimbo wa mlango ulikuwa na tarehe ya Alhamisi iliyopita.

Mama Eustadia alisoma mara mbili kisha akaufungua. Akaliona jina pale juu, mahali ambapo wiki iliyopita wote waliona pako patupu.

"Mwalimu," alisema polepole, "jina hili umeliandika lini?"

Mwalimu Valentino hakujua kusema uongo. Alisema ameliandika Alhamisi, akitoka kwa fundi. Hakuna aliyecheka safari hii. Walitazama chini, watu wazima wenye haya, kama wanavyotazama chini mzee anapokutwa na kitu cha jirani mfukoni. Kwa mkono wake mwenyewe, na kwa saa iliyotengenezwa kwa shabaha hiyo, alikuwa amethibitisha kwamba wimbo wake ni mdogo kuliko wa Erasmus. Ndipo akamtazama yule kijana, mikono nyuma, uso wa ibada, akaelewa kwamba alijua tangu mwanzo. Alijua tarehe za nyuma hazirudi, na alijua mwalimu wake ataugusa ule wimbo. Alimfahamu vizuri mno. Hicho ndicho kilichouma kuliko wimbo: kwamba mtoto aliyeshikwa vidole na yeye ndiye aliyejua mahali pa kumchoma.

Mama Eustadia alikifunga kikao kwa huruma, na huruma yake ilikuwa chungu kuliko kicheko. Alisema mwalimu amepatwa na majonzi, na majonzi humchanganya mtu, na jambo hili lisitoke nje ya chumba. Kisha akamwomba, kwa upendo wa kweli, asiache kupiga kinanda siku ya jubilei, maana hakuna mwingine. Mwalimu angeweza kukataa, na kila mtu angeelewa. Alikubali. Alikubali kwa sababu ya pale pa Mektilda, basi. Jina waondoke nalo, lakini sauti itabaki juu kidogo mbele ya umati wote, na yeye atakuwepo.

Siku chache kabla ya sherehe Erasmus aligawa karatasi mpya. Alisema amerekebisha sehemu mbili tatu ambazo hazikuwa sawa kinadharia. Mwalimu alipewa yake na akaisoma akiwa amesimama. Karibu na mwisho sauti ya pili ilikuwa imeshushwa, imekutana na nyingine, salama, nadhifu, bila msuguano wowote. Sasa wimbo ulikuwa wa Erasmus kweli.

Siku ya jubilei kanisa lilijaa hadi nje, Askofu akiwa mbele, ngoma na kayamba vikiwa tayari. Kwaya iliimba vizuri, tusiwadhulumu. Walipofika pale, akina mama wa sauti ya pili wakashuka pamoja kama walivyofundishwa, na kinanda hakikushuka. Mwalimu Valentino aliibonyeza ile nota ya juu akaishikilia peke yake, ikasuguana na sauti za watu themanini, na akakataa kuiachia mpaka muda wake ulipotimia. Erasmus aligeuza shingo. Waumini wa mbele walitazamana. Kisha ikashuka, wimbo ukamalizika, vigelegele vikapigwa, na Erasmus akaitwa mbele kupewa mkono na Askofu.

Nje, watu wakiwa wanagawana soda na pilau, Mama Eustadia alimfuata mwalimu alipokuwa akiichukua baiskeli yake. Alimshika bega.

"Tunakushukuru sana, mwalimu. Pale mwishoni kidole kiliteleza kidogo, lakini usijali, wengi hawakusikia."

"Ndiyo, mama," mwalimu akamjibu. "Kiliteleza."

Akapanda baiskeli akarudi Ntalikwa juani. Nyumbani aliiweka kompyuta mezani, akachomeka waya, akawasha. Kidole chake kilikwenda chenyewe kwenye F1, kikasubiri pale, lakini mashine haikumwuliza kitu. Ilifunguka moja kwa moja, na pale chini pembeni palikuwa na tarehe ya siku ile ile, na saa ilikuwa sahihi.